Mtoto wa mbwa wa kulinda nyumba: kumchagua na kumfunza

Kazi kubwa ya kumlea mbwa wa nyumbani iko kati ya wiki ya 8 na ya 16 ya umri wake. Wengi hufanya kinyume. Mbwa akiwa mdogo hufungiwa bandani au huachiwa watoto wamchezee wapendavyo, halafu akitimiza mwaka ndipo anatafutwa mtu wa kumfunza. Kufikia hapo mfunzaji hafunzi tena, anang'oa tabia zilizokwisha kuota mizizi, na kazi hiyo ni ndefu na ya gharama. Maelezo haya ni ya mwenye nyumba yenye ua, awe Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa, anayetaka mbwa wa kubweka mgeni anapokuja, asiyeuma watu ovyo na anayekuja akiitwa.

Mbwa gani

Watu huanza na sura. Anza na hali ya hewa ya unakokaa na uzito mtakaoweza kuumudu. Pwani, mbwa wa manyoya mazito kama Husky huteseka mwaka mzima, na wenye pua bapa kama Bulldog na Pug wanaweza kufa kwa joto mchana mmoja tu wa Februari wakikosa kivuli. German Shepherd anavumilia Dar au Mombasa akipata kivuli, upepo na maji ya kutosha, ingawa Limuru na Arusha ndiko anakostarehe. Boerboel dume anaweza kupita kilo 60. Kama hakuna mtu nyumbani anayeweza kumzuia kwa kamba, huyo si mbwa wenu hata mkipewa bure.

Kwa nyumba nyingi, kwa maoni yetu, anayefaa ni mbwa wa kienyeji, huyu huyu anayedharauliwa kwa jina la mbwa koko, au chotara wake. Manyoya yake ni mafupi, hali sana, ana masikio mepesi na hubweka upesi. Alichokosa ni sura ya kutisha, lakini mwizi anayesikia mbwa akibweka gizani nyuma ya ukuta hajui ni wa aina gani. Tahadhari moja kwa wapenda mbwa wa asili ya Afrika: Basenji, ambaye kwao ni Kongo, habweki kama mbwa wengine. Ni mzuri wa kutazama, ila getini hatakusaidia.

Jike na dume wote hulinda. Dume asiyehasiwa huruka ukuta akinusa jike mwenye joto, yaani anayetaka dume, mtaani. Jike huingia joto mara ya kwanza kati ya miezi 6 na 12, kwa muda wa kama wiki 3, na siku hizo madume ya mtaa mzima yatalala getini kwako.

Nenda alikozaliwa

Usinunue mtoto wa mbwa barabarani. Wanaouzwa kwenye mataa na kando ya barabara kuu wamechanganywa kutoka kwa mama mbalimbali, wanashikwashikwa na kila mpita njia, na mmoja wao akiwa na parvo, ugonjwa wa kirusi unaoharisha damu, huwaambukiza wenzake. Isitoshe wengi wana wiki 5, ingawa utaambiwa 8.

Tofauti ya hizo wiki 3 si ndogo. Ndicho kipindi ambacho ndugu hufunzana kipimo cha kuuma: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huishia hapo, akimng'ata mama, hukemewa. Aliyeondolewa kabla ya somo hilo ndiye atakayechana mikono ya watoto wako. Muuzaji akikuambia "mchukue angali mdogo akuzoee", mshukuru uondoke.

Umri utausoma mdomoni. Meno ya mbele na chonge huchomoza kati ya wiki ya 3 na ya 5, magego ya utoto hufuata, na mtoto wa wiki 8 huwa na meno yote 28. Ukipapasa nyuma ya chonge ukakuta ufizi mtupu, huyo hajafika wiki 6.

Omba kumwona mama. Mbwa mwenye watoto kuwa na hadhari ni kawaida, lakini anayemfuga akisimama karibu anapaswa kutulia. Akiwa hashikiki hata na anayemfuga, au anajikunyata na kunguruma muda wote, achana na uzao huo wote. Woga hurithiwa, na pia watoto huuiga kwa mama yao tangu wangali wananyonya.

Nenda asubuhi kabla hawajalishwa, kwa sababu aliyeshiba hulala tu na huwezi kumsoma. Kisha mshike mmoja mmoja umkague:

- Fizi ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia; rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe ni upungufu wa damu, na mara nyingi chanzo ni minyoo ya safura, viroboto au kupe.
- Macho na pua visiwe na tongotongo zito wala makamasi ya kijani. Vikiandamana na kikohozi, huenda ni distemper, ugonjwa mwingine wa kirusi wa mbwa.
- Tumbo liwe laini. Tumbo la duara huku mbavu na uti wa mgongo vikionekana ni minyoo. Inatibika, lakini inakuonyesha jinsi walivyotunzwa.
- Papasa kitovu. Kiuvimbe laini cha ukubwa wa punje ya njegere mara nyingi hujifunga chenyewe. Tundu linaloingiza ncha ya kidole ni ngiri ya kufanyiwa upasuaji, kwa hiyo bei ishuke.
- Chini ya mkia pawe pasafi na pakavu.
- Geuza manyoya ya tumboni, kwapani na ndani ya masikio utafute kupe, viroboto na vipara vyenye magamba.
- Kwa dume, korodani zote 2 ziwe zimeshuka.

Afya ikipita, pima moyo. Mtenge na wenzake, mpeleke mahali asipopazoea, mweke chini, kisha sogea hatua chache uchuchumae na kumwita kwa kugonga ulimi. Anayekuja mkia ukitikisika, hata kwa kusitasita, ni mzuri. Baada ya hapo angusha fungu la funguo sakafuni, mita 2 kutoka alipo. Unayemtaka atashtuka, atasimama, halafu atakwenda kuzinusa. Anayekimbia kujificha na bado anatetemeka dakika nzima baadaye atakuwa na woga ukubwani. Kwa asiyeshtuka kabisa, piga makofi nyuma ya kichwa chake bila kumgusa; huenda ni kiziwi. Mwisho, mlaze chali mikononi kwa sekunde 15 au 20. Akipapatika kidogo kisha akatulia, umepata. Akipigana na kung'ata mpaka mwisho, anamfaa mtu aliyekwisha kufuga.

Chukua wa katikati. Yule anayewakanyaga wenzake na kukurukia wa kwanza huvutia, na yule aliyejibanza kona humtia mtu huruma. Huyu wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa mbwa mwoga anapokua huuma kwa woga, na huchagua wanyonge: watoto, wazee, anayekimbia.

Kuhusu "asili": Kenya, mbwa mwenye karatasi za nasaba husajiliwa na East Africa Kennel Club. Bila karatasi, lipia unachokiona. Usikubali kuonyeshwa masikio kama ushahidi, maana masikio ya German Shepherd kwa kawaida husimama kati ya miezi 4 na 6, na chotara wake naye anaweza kuyasimamisha. Kadi ya chanjo iwe na stika za chupa za dawa, tarehe, na muhuri wa daktari wa mifugo. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu ihesabu kama haipo.

Wiki ya kwanza nyumbani

Mchukue asubuhi ili apate mchana mzima wa kuzoea kabla ya usiku. Asilishwe kwa saa 3 kabla ya safari, la sivyo atatapika garini. Chukua pia kitambaa alicholalia na mama yake, na chakula chake cha siku 3 au 4. Hata kama unakidharau chakula hicho, endelea nacho kwanza, kisha ubadilishe taratibu kwa wiki moja: robo ya kipya, nusu, robo tatu, kizima. Kubadilisha ghafla huleta kuhara, na kwa mtoto wa mbwa mgeni utabaki ukijiuliza kama ni chakula au ni parvo.

Usiku wa kwanza asilale bandani peke yake. Hajawahi kulala bila wenzake, atalia mpaka asubuhi, na atakachojifunza ni kwamba giza na upweke ni hatari. Mweke kwenye boksi la kadibodi karibu na mtu anapolala, na kitambaa chake, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo kama ni Nairobi au nyanda za juu. Baada ya wiki 2 sogeza boksi kidogo kidogo kuelekea atakapolala siku zote. Kama nyumbani kwenu mbwa haingii ndani, tumia baraza au stoo yenye mlango, mtu akiwa anasikika.

Chanjo, minyoo na kupe

Chanjo ya mseto, inayokinga parvo, distemper na homa ya ini ya mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Watu hulalamika kwamba wanatozwa mara tatu kwa dawa ile ile. Sababu ipo: kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huiua chanjo kabla haijafanya kazi, na kinga hiyo huisha kwa wakati tofauti kwa kila mtoto. Unarudia ili mojawapo ya sindano iangukie siku ambayo njia iko wazi. Ndiyo maana sindano ya mwisho, ya wiki 16, ndiyo isiyostahili kurukwa, na ndiyo watu huiruka.

Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3, kisha baada ya mwaka, na kuendelea kwa ratiba atakayokupa daktari. Kampeni za bure za wilaya au kaunti hufanyika mara nyingi karibu na 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Tunza kadi, ni ya kwanza kuulizwa mbwa akiuma mtu.

Kama nyumba yako iliwahi kuwa na mbwa aliyekufa kwa kuhara damu, kirusi cha parvo kinaweza kukaa udongoni mwaka mzima. Sakafu isafishwe kwanza kwa sabuni, kisha imwagiwe jiki, nusu lita kwa ndoo ya lita 10, na ikae dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Jiki juu ya uchafu haifanyi kazi. Udongo hausafishiki, kwa hiyo hapo chukua mbwa aliyekwisha maliza chanjo. Dalili za parvo ni kukataa chakula, kutapika, na kuhara damu yenye harufu kali. Kinachoua haraka ni kuishiwa maji mwilini, hivyo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Mayai mabichi na dawa za binadamu haziponyi, na za maumivu kama ibuprofen na diclofenac humtoboa mbwa tumbo.

Dawa ya minyoo: wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo au huipata kwenye maziwa, kwa hiyo usafi wa banda pekee hautoshi. Kipimo ni kwa kilo: panda mizani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa.

Kwa kupe, hatari kubwa ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Amitraz, mojawapo ya dawa hizo, haifai kwa mbwa wa chini ya miezi 4, na hata kwa mkubwa, kukadiria kwa kifuniko cha chupa ni kubahatisha na uhai wake. Ng'oa kupe kwa kibanio ukivuta moja kwa moja karibu na ngozi, na muulize daktari dawa ya kupuliza inayoruhusiwa kwa umri wake. Tazama katikati ya vidole na ndani ya masikio, ndiko wanakojificha.

Chakula

Milo 4 kwa siku hadi miezi 3, milo 3 hadi miezi 6, kisha 2. Kwa chakula cha dukani cha watoto wa mbwa ni vigumu kukosea, lakini bei yake si ya kila nyumba. Cha kupika kiwe nusu kwa ujazo ugali au wali, na nusu nyama, mayai au dagaa, na mboga kidogo. Dagaa wasio na chumvi, waliooshwa mchanga, wakasagwa na mifupa yao, wana kalisi ambayo nyama tupu haina. Mtoto wa mbwa anayekula nyama bila mfupa hupinda miguu. Kosa la upande wa pili nalo lipo: kumwongezea unga wa kalisi mbwa wa aina kubwa anayekula chakula cha dukani kilichokwisha pimwa, nako huharibu mifupa.

Mapafu, utumbo na maini kutoka machinjioni vichemshwe nusu saa kamili. Ukikuta vilengelenge vya maji ndani ya pafu au ini, fukia kirefu au choma moto. Hivyo ni vifuko vya mnyoo ambao mbwa akila vibichi huuambukiza watu wa nyumbani, na Turkana na Umasaini wanaujua ugonjwa huo vizuri. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Vitunguu na chokoleti ni sumu. Unga wa mahindi uliovunda una sumukuvu inayoua ini, kwa hiyo usimpikie mbwa unga ambao wewe mwenyewe umeukataa.

Unene upime kwa vidole: mbavu uzipapase kwa urahisi lakini usizione. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maji yawepo mchana kutwa.

Haja mahali pake

Hapa ndipo subira hupimwa, na ndipo watu huharibu. Mtoto wa miezi 2 hawezi kujizuia zaidi ya saa 2 au 3; wa miezi 3, kama saa 4. Kumpiga hakuongezi kibofu.

Chagua kona moja ya uani. Mpeleke hapo kila anapoamka, dakika 10 hadi 20 baada ya kula, kila akimaliza kucheza, kabla ya kulala, na mara moja au mbili usiku. Mwanzoni mbebe, maana akitembea mwenyewe atakojoa mlangoni. Ukifika simama kimya, usicheze naye. Anapoanza sema neno moja, tuseme "kojoa", na akimaliza tu, kabla hajapiga hatua, mpe kipande cha chakula. Wanaosubiri mpaka warudi ndani ndipo watoe tuzo wanamtuza kwa kuingia ndani.

Baina ya safari hizo awe machoni pako, au kwenye boksi lake, au amefungwa kamba ya mita 2 kiunoni mwako. Anaponusa sakafu akizunguka duara, au ameacha mchezo ghafla, una sekunde kama 5. Ukimfuma katikati ya tendo, mnyanyue kimyakimya umpeleke nje. Ukikuta dimbwi baada ya tukio, piga deki, basi. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Atakwenda nyuma ya kochi, na akiwa nawe uani atajizuia mpaka mrudi ndani. Safisha kwa sabuni, kisha siki na maji nusu kwa nusu. Sabuni zenye amonia huacha harufu inayofanana na mkojo, na atarudi hapo hapo.

Jambo ambalo wengi hawaulizi: alizaliwa juu ya nini? Mbwa huzoea anachokanyaga anapojisaidia tangu wiki zile za kwanza. Aliyelelewa kwenye saruji tupu atatafuta saruji, na atayapita majani yako mazuri akakojoe barazani. Mwekee kipande cha tofali au saruji kwenye kona uliyochagua, kisha utandaze majani juu yake kidogo kidogo. Wanaokaa ghorofani watumie trei pana ya mchanga au majani kwenye veranda, kwa utaratibu ule ule.

Wengi husafika kufikia miezi 4 hadi 6. Aliyekuwa amejua akaanza kukojoa ovyo ghafla, tena mara nyingi na kidogo kidogo, apimwe mkojo kabla ya kulaumiwa.

Kung'ata na kutafuna

Akikung'ata mchezoni, toa "aa!" fupi, acha mkono ulegee, simama, geuka pembeni kwa sekunde 20. Kisha rudi na mpe kitu halali cha kung'ata. Akirudia mara 3, mchezo umekwisha. Kuvuta mkono kwa kasi humfanya aukimbize, na kumpiga mdomoni humfunza kuogopa mikono. Mara nyingi anayeng'ata kama kichaa jioni amechoka tu, kwani umri huo hulala kama saa 18 kwa siku na watoto wa nyumbani hawampi nafasi.

Kuanzia kama miezi 4 meno ya utoto hung'oka, na hadi miezi 6 au 7 atatafuna viatu, nyaya na miguu ya meza. Ondoa viatu. Mpe karoti iliyolowekwa maji baridi, au kamba nene yenye mafundo. Usimpe kiatu kikuukuu. Hajui tofauti yake na kipya.

Maneno matano

Kaa, njoo, acha, ngoja, twende. Yatosha. Kila mtu nyumbani ayatumie hayo hayo, dada wa kazi na mlinzi wakiwemo. Fundisha dakika 3 hadi 5, mara 4 kwa siku, kabla ya milo. Tuzo iwe ini lililochemshwa, vipande vya ukubwa wa punje ya njegere.

"Kaa": shika kipande mbele ya pua yake, kipandishe polepole kuelekea katikati ya masikio. Kichwa kikipanda makalio hushuka. Yakigusa chini, mpe. Akirudi kinyumenyume, fanyia zoezi ukutani. Akiruka, mkono wako uko juu mno. Baada ya siku 2 fanya ishara bila chakula mkononi, kisha ndipo utie neno. Kusema "kaa, kaa, kaa" kwa mbwa asiyejua maana yake kunamzoesha kupuuza sauti yako.

"Njoo" ndilo la kulinda maisha yake, kwa hiyo lina sharti moja: usimwite kwa jambo baya. Si kumwogesha, si kumfungia, si kumgombeza. Ukihitaji hivyo, mfuate. Anza ndani ya nyumba, kisha uani akiwa na kamba nyepesi ya mita 5 hadi 10, na kila anapofika apate kipande. Usikimbie kumfuata akigoma. Kimbia upande wa pili, atakuja.

Kuruka watu kumalizike mapema, angali kilo 5. Akikurukia geuka, usimguse wala kusema. Miguu 4 ikikaa chini ndipo umsalimu. Pwani jambo hili lina uzito wake: mgeni anayekwenda msikitini akilambwa, kwa madhehebu ya Shafi walio wengi huku, palipolambwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Jirani akipatwa na hayo mara mbili, mbwa wako hana kheri mtaani.

Kumwonyesha dunia

Hadi wiki 12 au 14 hivi, jambo jipya huingia kichwani kama la kawaida. Baadaye huingia kama tishio. Kwa kuwa chanjo bado hazijatimia, mbebe. Asikanyage wanakopita mbwa wengine. Kaa naye dakika 15 kando ya kituo cha bodaboda, karibu na shule wanapotoka, sokoni kwa mbali. Aone kofia ngumu, miavuli, mikokoteni, wazee wenye bakora, mbuzi, kuku. Asikie adhana, ngurumo na jenereta. Kila jipya liandamane na kipande cha ini. Akikunja mkia, sogea mbali mpaka alegee, ndipo umpe.

Pia mshike kila siku: makucha, masikio, mdomo. Na akiwa anakula, pita karibu umdondoshee kitu kitamu zaidi bakulini. Mbwa anayetarajia kuongezewa hangurumi mtu akisogea. Kumnyang'anya bakuli "ili ajue nani mkubwa" ndiko kunakomfanya alilinde.

Ulinzi wenyewe

Pilipili kwenye chakula haimfanyi mbwa kuwa mkali, humchoma tumbo. Kumfungia mchana kutwa ndani ya boksi la giza na kumfungulia usiku kunazaa mbwa anayeogopa kila kinachosogea, mwenye nyumba akichelewa kurudi naye akiwemo. Mbwa hawezi kumtambua mgeni kama hajawahi kuona mambo ya kawaida ya mchana.

Kubweka kwa kulinda huja kwenyewe kati ya miezi 6 na mwaka mmoja na nusu. Akibweka getini, nenda uangalie, mwambie "basi", na akinyamaza mpe kipande. Hivyo anajifunza kuita, kisha kukuachia. Usimchochee kushambulia, hiyo ni kazi ya waliosomea, na kwa mbwa wazima. Kama lazima afungwe, tandaza waya kati ya nguzo mbili, pete ya mnyororo ipite juu yake, apate mita kadhaa za kutembea na kivuli.

Wezi hurusha nyama yenye sumu. Kuanzia miezi 5 mfunze kutookota. Kwanza chakula kwenye ngumi: akiacha kunusa na kurudisha kichwa nyuma, mpe kizuri zaidi kwa mkono wa pili, kamwe si kile cha kwanza. Halafu chakula sakafuni chini ya kiatu chako, kwa neno "acha". Halafu mpite naye kwa kamba kando ya vipande vilivyotawanywa. Mwisho, mtu asiyemjua arushe nyama juu ya ukuta wewe ukishika kamba. Zoezi huchukua miezi na halikingi kwa asilimia 100, hivyo mlishe mlo mkubwa jioni na ukague ua kabla ya kulala.

Kumhasi au kumfunga kizazi hakumpunguzii ulinzi. Kwa mbwa wa kienyeji miezi 6 hadi 9 yafaa. Kwa aina kubwa madaktari wengi hupendelea kusubiri hadi mwaka au zaidi, mifupa ikomae.

Akimuuma mtu, hata kidogo na hata kama ana chanjo: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na kadi ya mbwa. Mbwa asiuawe. Atengwe siku 10 akitazamwa na daktari wa mifugo. Akiwa mzima siku ya 10, hakuwa na kichaa alipouma, na daktari wa aliyeumwa ataamua kama sindano zilizobaki zinahitajika.